Jumamosi za Karatasi na Kitabu cha Sarojamma

Watu wanastaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, na kesho nina interro, jaribio la shule, ya hesabu. Lakini kazi niliifanya kweli, kila Jumamosi na kila Jumatano mchana shule ikitoka, katika duka la Tonton Dieudonné la kuchapa na kutoa kopi, kwenye kanjia kadogo kanakotokea barabara kubwa ya Chaussée d'Ixelles. Sasa naingia mwaka wa mwisho wa sekondari, mama amesema Jumamosi ni za vitabu, bon, nimeacha. Kiti changu anakichukua binamu yangu Fifi. Fifi anapenda kuongea, mimi sipendi, ndiyo maana haya namwandikia badala ya kumwambia. Mshahara sitautaja, hauna habari yoyote ya kusimulia.

Siku ya kwanza nilifikiri nitafichwa nyuma ya mashine. Tonton akaniweka mbele, kwenye meza ya wateja. Akaingia maman mmoja aliyetaka kadi za ubatizo wa mjukuu, akaniuliza kama tuna karatasi yenye kung'aa. Nilimjibu. Akauliza tena. Nikajibu tena. Akamgeukia Tonton.

"Huyu mutoto iko mugonjwa?"

"Apana, maman. Iko na haya tu. Sauti yake iko, inakuya polepole."

Mchana ule ule alinihamishia kwenye kompyuta. Niliona aibu, halafu nikaona raha, halafu nikaona aibu kwa sababu ya ile raha.

Fifi, vitu vya kujua ni hivi. Karatasi ikitoka kwenye mashine kubwa ina joto. Usiipeleke kwenye kikatio hapo hapo, itajikunja na utakata upinde. Iache ipumzike. Kikatio chenyewe, Tonton anakiita massicot kama kila mtu hapa, usikiguse asipokuwepo. Mteja asiposaini karatasi ya kwanza ya majaribio, hatuchapi nyingine. Hata akisema ana haraka. Hasa akisema ana haraka. Papa mmoja alisaini bila kusoma, siku ya sherehe akagundua kwamba penye jina la bibi harusi limechapwa jina la dada wa bibi harusi. Saini ilikuwa yake, sisi tulimpa pole.

Tonton alijifunza kazi hii kwao, mjini Likasi, katika duka la kuchapa ambako herufi zilikuwa za madini ya risasi na zinapangwa kwa vidole. Mpaka leo anasoma ukurasa ukiwa umegeuzwa chini juu, na akiona kosa anagonga meza kwa ukucha mara moja tu, hasemi. Nimeogopa ukucha ule kuliko madame yeyote wa shule. Alinifundisha kutazama ukurasa kwanza bila kuusoma, kama unavyotazama uso wa mtu, kujua kama umechoka.

Alikuwa na sheria moja ambayo haikubishiwa: faili ni moja. Hatufanyi kopi ya faili, tunafanya kazi ndani ya clé ya mteja, ile ya USB, na tunahifadhi humo humo. "Faili mbili njo fujo," alisema. Ilikuwa na sababu. Zamani kidogo duka lilichapa programu ya misa ya maziko kutoka faili la zamani badala ya jipya, na mtoto wa mwisho wa marehemu hakuonekana kwenye orodha. Familia ile haijarudi.

Na alikuwa na kitu alichokiita usafi. Faili nyingi zinatufikia kutoka Lubumbashi au Bujumbura, zimepita kwenye kompyuta za kila aina, na njiani accents za Kifaransa zinaharibika. Unatafuta é, unakuta vijidudu viwili visivyoeleweka. Tonton alikuwa ametengeneza orodha ya alama zote zisizo na kazi katika Kifaransa chetu: nyingine zinageuzwa kuwa herufi sahihi, nyingine zinatupwa kabisa. Unabonyeza kitufe kimoja, ukurasa unatoka umeoga. Nilikuwa nikiutumia usafi ule kila wiki na kila wiki niliushangaa.

Sasa niingie kwenye kazi iliyokuwa ngumu.

Jumamosi moja aliingia mzee mwenye kofia ya sufu, akaivua, akaishika kwa mikono miwili. Jina lake Monsieur Basavaraj. Ametoka India, upande wa Dharwad, alipika miaka mingi katika kantini ya ofisi moja kule karibu na Schuman, naye amestaafu, yeye kwa umri unaofaa. Kifaransa chake kilikuwa cha polepole, kila neno linawekwa mezani kama sahani. Alimwambia Tonton hivi, na mimi nilikuwa nyuma ya kompyuta nasikia yote.

Mke wake, Sarojamma, amepoteza kumbukumbu. Kifaransa kimemtoka chote. Kilichobaki ni Kikannada, lugha ya kwao, na karibu anaingia nyumba ya wazee huko Schaerbeek ambako hakuna hata mtu mmoja anayejua Kikannada. Lakini kusoma bado anasoma. Na miaka ya nyuma, jioni, baada ya vyombo, alikuwa akikaa kwenye kompyuta ya nyumbani kuandika: mapishi, majirani, mambo ya harusi yao, ugomvi wake na mama mkwe. Kompyuta ile imekufa. Maandishi yamo kwenye clé. Alitaka kitabu, herufi kubwa.

"Mimi nitakwenda kila siku," alisema. "Lakini nikiondoka, nani atasema naye? Ninataka awe na yeye mwenyewe wa kusema naye."

Tonton alichomeka clé, akafungua faili. Ukurasa ukajaa herufi za Kizungu zilizochanganyika na alama za pauni, za yen, vistari, nukta. Alitikisa kichwa kama daktari.

"Ah, papa. Hii ugonjwa naijua. Accents zimekufa."

Akabonyeza usafi. Akahifadhi. Ukurasa haukuwa Kikannada bado, ila ulikuwa na takataka chache zaidi. Akanigeukia, mimi huniita mama: "Mama, mercredi utaangalia fonti yake, utatafuta." Monsieur Basavaraj akashukuru, akatuachia clé, akavaa kofia, akaenda.

Jumatano nilichukua vipande vya maneno yale nikavitafuta kwenye mtandao, nikakuta watu wa huko kwao wanaeleza. Nitakuandikia polepole, Fifi, kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma mara tatu.

Kompyuta haijui herufi. Inajua nambari tu. Siku hizi kuna jedwali moja la dunia nzima, na kila herufi ya kila mwandiko ina nambari yake humo. Herufi ya Kikannada inayosomwa "na", hii hapa, ನ, nambari yake ni 0CA8. Ndiyo, ni nambari yenye herufi ndani, usiogope. Kinachohifadhiwa ni hiyo nambari. Mchoro unaletwa na fonti. Ukitaka "n" mbili zishikane, kama zilivyo katika jina lenyewe la lugha, unaandika 0CA8, halafu 0CCD, ambayo ni alama ya kukata irabu, halafu 0CA8 tena, na fonti inaitelemsha ya pili chini ya ya kwanza kama mtoto anayekaa miguuni pa mama.

Lakini kabla jedwali halijaenea, watu walitaka kuandika, hawakungoja. Walichukua nafasi za herufi za Kizungu wakazivalisha michoro ya Kikannada. Panapokaa alama ya pauni wakaweka mchoro wa "na". Panapokaa yen wakaweka "pa". Ukiwa na fonti yao, unaona Kikannada kizuri. Ukiwa huna, jina la lugha yao linatokea hivi: PÀ£ÀßqÀ. Sarojamma aliandika kwa namna hiyo ya zamani. Yale hayakuwa maradhi.

Nilitafuta alama ya pauni katika faili. Hakuna hata moja. Yen, hakuna. Nilifungua orodha ya usafi nikaisoma. Kila alama iliyotupwa ilikuwa herufi ya mtu.

Tonton alikuwa anapanga bahasha.

"Tonton, ile haikuwa accents."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa maandishi yenyewe. Na usafi umekula nusu."

Akaweka bahasha chini. "Original iko wapi?"

"Njo hii."

Alinipa nijaribu programu ya kurudisha faili zilizopotea, nikajaribu mbili, kwenye clé na kwenye kompyuta ya duka, zikarudisha picha za harusi ya mteja mwingine. Mwishoni alikwenda kwenye massicot, ambayo haikuwa na karatasi, akashusha mpini wake, akaupandisha.

"Mi njo nitamwambia," alisema. "Weye usiseme kitu."

Mimi kutosema kitu, hilo naliweza.

Jumamosi Monsieur Basavaraj alikuja na sanduku la vitumbua vya kwao, vya kutushukuru. Nilitamani sakafu inifunike. Tonton alitoka nyuma ya meza, akasimama mbele yake.

"Papa, nimeharibu kazi yako. Mimi, si mutoto. Nilisafisha kitu ambacho hakikuwa kichafu, na nilihifadhi juu yake. Kopi haiko."

Mzee alikaa juu ya katoni ya karatasi. Alitazama sanduku lake la vitumbua. Baadaye akasema, "Sabuni yako ni kali, Monsieur." Hakutabasamu. "Kimebaki nini?"

Hapo ilibidi niseme mimi, kwa sababu Tonton hakujua. Nilikuwa nimechukua mabaki na kuyahamisha, alama moja moja, kutoka namna ya zamani kwenda kwenye nambari za jedwali. Kilichobaki kilikuwa Kikannada kweli. Ila mahali herufi imetupwa na alama ya irabu yake imebaki peke yake, kompyuta inachora kaduara ka nukta nukta, na irabu inaning'inia hapo haina mwenyewe. Kurasa zilikuwa zimenyeshewa viduara. Niligeuza kioo upande wake.

Alisogeza kidole kwenye mstari wa kwanza, akafika kwenye duara, akasimama, midomo ikajaribu. Akaendelea. Duara lingine. Akaendelea. Mstari wa tatu akacheka kwa pua.

"Hapa anasema mama yangu hajui kupika mchele. Hii naweza kuisoma hata gizani."

Kwa hiyo tulianza. Jumatano na Jumamosi alikuja, akakaa karibu nami, akasoma, na penye duara akaniambia herufi, nami nikaibonyeza. Ni "na", mademoiselle. Ni "ba". Hapa ni "la" mbili. Mimi ambaye sikuweza kumjibu maman wa ubatizo nilikaa bega kwa bega na mzee nisiyemjua, na kwa kuwa kazi ilikuwa ya herufi, sauti ilitoka. Baada ya muda nilianza kuzitambua kabla hajasema. Alinitania kwamba nasoma lugha yake kama mtu anayesoma menyu bila kujua chakula. Ilikuwa kweli. Tonton alituletea chai, akasimama kidogo, akarudi kwenye bahasha zake. Usafi hakuugusa kipindi kile chote. Accents mbovu za wateja alizirekebisha kwa mkono, moja moja, miwani imeshuka puani.

Kitu ambacho sikutegemea kilitokea katika sura ya harusi. Kulikuwa na neno lenye viduara viwili, na Monsieur Basavaraj akanitajia herufi nne. Nikaziandika. Neno lililofuata, hivyo hivyo, limekuwa refu. Nilihesabu viduara mara mbili.

"Monsieur, viduara ni viwili. Wewe umenipa herufi nne."

"Ndiyo?"

"Basi si neno lake."

Alinitazama, nikatazama kibodi. Niliwaza nimemtukana.

"Aliandika kwamba siku ya harusi nilichelewa," alisema mwishoni. "Mimi nimeandika kwamba barabara ilifungwa. Barabara ilifungwa kweli, mademoiselle."

"Lakini yeye aliandika umechelewa."

"Kompyuta yako ni shahidi mbaya sana."

Tulirudisha neno lake. Nilikuwa naogopa kitu ambacho sikujua kukisema vizuri kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili pia ni kigumu: kwamba tukijaza kila shimo kwa yale anayokumbuka yeye, tutampa mke wake kitabu cha mume, na mama yule atakisoma aone ni mtu mwingine anasema naye. Nadhani alielewa. Toka siku ile alikuwa akihesabu viduara kwa sauti kabla ya kunipa herufi.

Tukamaliza karibu kila kitu. Palibaki mahali pamoja tu. Sarojamma alikuwa ameandika kuhusu siku aliyoondoka kwao na mume wake, kwamba mama yake alimfuata mpaka kwenye treni, akampitishia dirishani kitu, akamwambia asikifungue mpaka treni iondoke. Jina la kitu chenyewe lilikuwa limetupwa lote. Hata kiduara hakuna, nafasi tu.

"Bangili," alisema Monsieur Basavaraj.

"Una hakika?"

"Mama gani hampi binti yake bangili?"

Sikuandika. Nilijikuta nikisema, "Hujanijibu."

Alipangusa miwani yake kwa ncha ya shali, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Nilikuwa upande wa pili, napanga masanduku. Sikuona. Na sikumuuliza kamwe."

Nikaacha nafasi nyeupe, ya ukubwa wa neno. Alitazama nafasi ile, akasaini karatasi ya majaribio. Tonton aliisoma karatasi chini juu, ingawa hajui herufi hata moja, kutazama tu kama uso umechoka. Ukucha haukugonga. Tukachapa kopi moja kwa karatasi nene, nikaiacha ipumzike, Tonton mwenyewe akakata. Kisha alikuja kwenye kompyuta, akaniambia nimfundishe kuweka kopi ya faili mahali pengine kabla ya kuligusa. Nilimfundisha. Fifi, sasa hiyo ndiyo sheria, na usimwambie kwamba zamani ilikuwa kinyume.

Sarojamma alikuwa ameshahamia Schaerbeek, si mbali na kwetu, tram ile ile. Monsieur Basavaraj akaniomba niende naye kumpelekea. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikupata nzuri.

Chumba kilikuwa na joto na dirisha la kutazama paa. Mama mdogo wa mwili, nywele zimesukwa kwa uangalifu, alikaa kwenye kiti akitazama mikono yake. Mhudumu aliingia akamsalimia kwa Kifaransa, hakugeuka. Mume wake akamwekea kitabu magotini. Mama akakisukuma. Mzee akakirudisha. Mama akakisukuma tena, na mimi nikafikiri basi, Jumatano zile zote.

Mara ya tatu kitabu kilifunguka chenyewe, karatasi nene inafanya hivyo. Alitazama. Kidole kikashuka kwenye mstari. Midomo ikaanza bila sauti, halafu na sauti, nyembamba, inayokwenda mbele kama mtu anayejua ngazi za nyumba yake. Monsieur Basavaraj alivuta kiti karibu nami akanitafsiria kwa sauti ya chini: mchele, mama mkwe, jirani aliyeiba maua ya asumini. Kwenye "amechelewa" aliniangalia kwa pembe ya jicho.

Tukafika kwenye treni. Nilijua ukurasa ule kwa umbo lake. Niliona kidole chake kinakaribia nafasi nyeupe, nikashika kiti. Kidole kikapita juu ya weupe, na sauti haikunyamaza. Alisema neno pale pasipo na neno, akaendelea na mstari.

Monsieur Basavaraj aliacha kutafsiri.

"Amesema nini?" nilimuuliza.

"Sukari guru." Alinong'ona. "Mama yake alimpa bonge la sukari guru." Akamtazama mke wake. "Safari yote ile mimi nilikuwa na njaa, mademoiselle. Safari yote, na alikuwa nayo kwenye mfuko."

Akainama kwa mke wake, akamwambia kitu kwa lugha yao, bila shaka hicho hicho. Yeye hakuinua macho kutoka kwenye kitabu. Alimjibu kwa maneno machache tu, ya mtu aliyekatizwa kusoma.

"Anasema nini?"

"Anasema sikuuliza."

Sarojamma akalowanisha kidole kwa ulimi, akafungua ukurasa mwingine.